Kuvua Pete

Pete ya karatasi inayovishwa siga haina ladha. Haigusi ulimi, haiungui pamoja na tumbaku, na mvutaji mwenye subira huivua moto unapoikaribia. Kazi yake ni kutaja jina tu. Hata hivyo, chukua siga mbili za kasha moja, moja uiache na pete yake ya Cohiba, ya pili uivue, kisha umpe mtu azivute akuambie ipi iliyomkolea. Jibu unalijua kabla hajawasha kiberiti. Ndiyo maana wapenzi wa siga, zile sigara nene za majani matupu zisizo na karatasi wala kichungi, wakishazoeana kiasi cha kuaibishana bila kukosana, hufika mahali wakazivua pete zote, wakazibandika namba, wakavuta wasichokijua.

Nimo katika kundi la namna hiyo mjini Mombasa. Lakini kabla ya kueleza tunavyofanya, ni haki kusema pete hiyo imebeba nini, maana asiyejua uzito wake ataona tunacheza tu.

Septemba 1960 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha viwanda vya siga vya Kuba. Wengi wa waliokuwa na viwanda na mashamba waliondoka, wakatawanyika Florida, visiwa vya Canary, Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nikaragua. Baadhi walichukua mbegu, wengine walikuwa na ujuzi wa mikono tu, na wengine walivuka na kitu ambacho forodha haina namna ya kukikagua, yaani jina. Kuba nayo haikuyaacha majina yale. Ndiyo maana leo kuna Partagás ya Havana na Partagás ya Jamhuri ya Dominika, Montecristo mbili, Romeo y Julieta mbili, H. Upmann mbili, na nchini Marekani utaipata ile ya pili, ya kwanza ni marufuku. Cohiba haina hata kisingizio cha uhamisho. Ilizaliwa baada ya mapinduzi, mwaka 1966, ikavutwa kwanza na wakubwa wa serikali na wageni wao, na baadaye kampuni moja ya Marekani ikalisajili jina hilohilo kwao. Kesi iliyofunguliwa New York mwaka 1997 iliwalisha mawakili kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba yeye huvuta Cohiba hajatuambia bado anavuta nini.

Halafu kuna ladha ya katazo. Pierre Salinger, aliyekuwa msemaji wa Rais Kennedy, alisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye jinsi bosi wake alivyomtuma, jioni moja mwanzoni mwa Februari 1962, amtafutie siga ndogo za Kuba aina ya Petit Upmann, kiasi cha elfu moja, kabla ya kesho yake. Salinger akazunguka maduka ya Washington, akarudi na 1,200. Rais akauliza zimepatikana ngapi, akafurahi, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi akaitia sahihi. Ilikuwa amri ya kuzuia bidhaa za Kuba zisiingie Marekani. Tangu hapo vizazi vya wavutaji wa nchi ile vimekua vikiamini kwamba kitu kilichozuiwa na serikali yao lazima kiwe kitamu. Mwaka 2015 waliruhusiwa kurudi na siga za Kuba mizigoni kwa matumizi yao wenyewe, na Septemba 2020 ruhusa ikafutwa. Sidhani kama kuna tangazo la biashara lililowahi kufanya kazi nzuri kuliko katazo hilo, na wala Kuba haikulilipia.

Huku kwetu hakuna aliyezipiga marufuku. Mwenye fedha huingia dukani akanunua. Kwa hiyo kinachoipa pete ya Kuba uchawi wake kwetu ni bei, na bei nayo imekuwa kali. Mwaka 2022 kampuni inayouza siga zote za Kuba duniani iliamua kwamba Cohiba na Trinidad ziwe na bei moja ya juu kila nchi, na katika masoko mengi zikapanda usiku mmoja kufika mahali ambapo mtu wa mshahara huangalia kasha, akasalimia, akapita. Wengi wetu tulianza kuvuta pasipo jina kwa sababu hiyo ya mfuko, si kwa kuitafuta hakika. Tulitaka kujua kama siga ya Estelí, kule Nikaragua, inaweza kukaa mezani na ile ya Havana bila kuona haya.

Siku ya kuonja, mwenyeji wetu ndiye asiyevuta. Huzivua pete peke yake, mlango umefungwa, akizisukuma polepole kuelekea kichwani ili jani la nje lisichanike. Kila siga huvishwa ukanda mweupe wenye namba, na orodha ya namba na majina huingia katika bahasha anayoikalia, kweli anaikalia, kwa sababu mmoja wetu ana macho marefu. Siga zote huwa za umbo moja, kwa kawaida robusto, milimita 124 kwa urefu na karibu 20 kwa unene, maana siga nene huungua kwa ubaridi zaidi na nyembamba huchoma mapema, na ukichanganya maumbo unalinganisha mengine kabisa. Tunakaa uani, si roshani. Upepo wa bahari ni mzuri kwa kila kitu isipokuwa siga: huilamba upande mmoja, ikaungua kwa mshazari, na siga inayoungua kwa mshazari ni chungu hata ingesokotwa na malaika.

Pwani ina shida nyingine ambayo vitabu vya Wazungu havikuiandikia sana. Wao wanahangaika siga zisikauke, wanaweka maji na sponji katika makasha ya mwerezi ili unyevu ufike asilimia 65 au 70. Sisi unyevu tunaugawa bure. Adui yetu ni joto, kwa sababu ndani ya majani hukaa mayai ya mdudu mdogo wa kahawia anayetoboa tumbaku, na joto likizidi huanguliwa. Asubuhi unafungua kasha unakuta matundu kama ya sindano. Wazoefu hugandisha siga katika friji kwa siku kadhaa ili kuyaua mayai, kisha huzirudisha taratibu. Katika nyumba ya mwenyeji wetu samaki na siga ni majirani, na nimeshavuta namba iliyonifanya niandike kwenye karatasi yangu neno changu, kisha nikalifuta kwa heshima ya nyumba.

Sheria kubwa ni kunyamaza. Kila mtu huandika kwanza. Mtu mmoja akisema kwa sauti kwamba anasikia harufu ya ngozi ya viatu vipya, basi imekwisha, meza nzima imevaa viatu. Baada ya kuandika alama, kalamu huwekwa chini, na hakuna ruhusa ya kuishika tena bahasha ikishafunguliwa. Sheria hii ya mwisho haikuwepo mwanzoni. Ililetwa na ushuhuda wa macho yetu, maana jina likisomwa mkono wa binadamu hutafuta kalamu wenyewe.

Aliyetuvuruga ni mzee wetu wa chai. Huyu amefanya kazi ya kuonja chai maisha yake yote, kwa ajili ya mnada wa Mombasa, ule uliohama kutoka Nairobi mwaka 1969. Chai hupangwa mbele yake kwa safu, kila moja namba tu, katika vikombe vyeupe vya kaure, majani gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, si tano wala saba. Yeye hupita na kijiko, anafyonza kwa kelele, anatema, anasogea. Alipokuja kututazama mara ya kwanza alikaa kimya tangu magharibi hadi tulipomaliza siga ya pili. Kisha akasema: "Vijana, mimi nikionja chai mbili, naonja nikiwa mtu yuleyule. Nyinyi siga ya pili mwaivuta mkiwa mshakuwa watu wengine."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu alikuwa sahihi. Robusto moja huchukua karibu saa nzima. Ndani ya saa hiyo siga yenyewe haitulii. Msokotaji amepanga ndani yake majani ya sehemu tofauti za mmea: volado ya chini, inayoshika moto vizuri, seco ya katikati, yenye harufu, na ligero ya juu, iliyopigwa na jua, nzito, inayoungua polepole, ambayo huwekwa katikati. Moshi wa mwanzo hupita katika tumbaku mbichi yote iliyobaki mbele yake. Wa mwisho ni wa moto, na unapita mahali palipokwisha kulowa lami. Robo ya kwanza na robo ya mwisho ni kama ndugu waliolelewa mbalimbali. Na mvutaji naye anabadilika. Moshi wa siga haumezwi, hukaa mdomoni na kupitishwa kidogo puani, lakini nikotini haihitaji mapafu, hupenya katika ngozi laini ya mdomo. Saratani ya ulimi, ya koo na ya umio zinaijua njia hiyohiyo, na mtu anayeandika kwa raha juu ya siga bila kulitaja hilo anaficha nusu ya ankara. Kwa hesabu ya kuonja, maana yake ni kwamba hakimu wa siga ya pili ameshalewa kidogo na ile ya kwanza. Ya tatu hatuivuti usiku mmoja. Waliojaribu waligeuka rangi.

Kwa hiyo namba 4 na namba 7 hazikutani kamwe. Ninapozilinganisha, namba 4 imeshakuwa jivu, na kilichobaki chake ni mistari mitatu kwenye karatasi yangu. Tunalinganisha siga iliyopo na kumbukumbu ya iliyokwenda. Na kumbukumbu, tofauti na siga, haivuliwi pete.

Mzee wa chai alipenda sana kutusimulia kisa cha Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kule Uingereza. Mwanasayansi mmoja wa pale, Muriel Bristol, alidai anaweza kujua kwa kuonja kama maziwa yalitangulia kikombeni au chai ilitangulia. Mwenzake, Ronald Fisher, badala ya kumcheka akakaa akafikiria namna ya haki ya kumjaribu, na mwaka 1935 akaiandika katika kitabu kilichokuja kuwa msingi wa majaribio ya kisayansi. Vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, vimechanganywa ovyo, naye avitenge. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, kwa hiyo anayebahatisha atavipatia vyote mara moja tu kati ya 70. Uzuri wa jaribio hilo ni kwamba chai ni ileile, maziwa ni yaleyale, kikombe kinachofuata ni hatua moja mkononi. Wapi utapata siga nane za kufanya hivyo? Utazivuta kwa siku nne, na kila siku umeamka na kinywa kingine.

Tukajaribu hila nyepesi zaidi, ya kurudia. Wenzetu wa mvinyo waliifanya kwa ukali. Robert Hodgson, mtengenezaji wa mvinyo wa California, aliwashawishi waandaaji wa mashindano ya jimbo lao wawape majaji mvinyo uleule wa chupa ileile mara tatu, bila kuwaambia. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yaliwaudhi wengi: karibu jaji mmoja tu kati ya kumi aliweza kuupa mvinyo uleule daraja lilelile kila mara. Mwenyeji wetu naye, bila kutuambia, akaanza kutia katika mzunguko siga mbili za aina moja kwa namba mbili. Bahasha ilipofunguliwa tukakuta tofauti ambazo heshima inanizuia kuzichapa. Mmoja alikuwa ameiita ya kwanza fahari na ya pili majani ya mgomba.

Lakini hapa siga inatoroka tena, na ndipo inaponivutia. Hodgson alimimina kutoka chupa moja. Siga haimiminwi. Kila moja imesokotwa na mkono, na mkono huo uliisokota asubuhi au jioni, ukiwa umechoka au la. Jani moja limekaa vibaya ndani, mvuto ukabana, moshi ukaja mdogo na moto. Mbili za kasha moja si kitu kimoja. Kwa hiyo rafiki yetu wa majani ya mgomba hatukuweza kumhukumu; labda ulimi wake uliteleza, labda ile siga ya pili kweli ilikuwa mbovu, na ushahidi ulikuwa umeshateketezwa, naye ndiye aliyeuteketeza. Kila siga ina mwonjaji mmoja tu. Sijui kitu kingine kinachoonjwa hadharani ambacho watu wawili hawawezi kukigusa kilekile.

Na upofu wetu wenyewe unavuja. Pete imetoka, vidole vimebaki. Mzoefu hushika siga gizani akakuambia kama imekandamizwa kashani ikapata pembe, akapapasa kichwa akahisi kifuniko cha tabaka tatu au kile kikia kidogo kilichosokotwa. Rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Wengi wetu tukiona jani jeusi la maduro tunajiandaa kupigwa, ilhali weusi ule hutokana na kuchachushwa kwa muda mrefu na kwa joto zaidi, jambo ambalo mara nyingi huleta utamu, na ukali wa siga huamuliwa zaidi na majani ya ndani. Nimeshaona mtu mzima akikohoa kwa siga nyeusi laini kwa sababu macho yake yalishamwambia akohoe.

Aliyewahi kuliziba tundu hili barabara ni Clark Hull, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alikuwa akitafuta kama tumbaku inaathiri akili na mikono, akahitaji watu wavute wasichovuta ili apate cha kulinganisha. Katika utafiti aliouchapa mwaka 1924 aliwafunga macho wavutaji wa kiko akawapa kiko ambacho ndani yake hakukuwa na tumbaku, kulikuwa na kifaa cha umeme cha kupasha hewa moto. Walivuta hewa ya vuguvugu, wakaitoa, na wengi wakaamini wamevuta tumbaku. Kisa hicho nikikisimulia kwa wavutaji hucheka kidogo kisha hubadilisha mazungumzo.

Nikirudi kwenye karatasi zetu, zile za alama, naona jambo ambalo alama hazilionyeshi. Wahakiki wa Marekani huandika kwamba siga fulani ina ladha ya mkate wa tangawizi au sharubati ya mti wa maple. Sisi hatukulelewa na vitu hivyo. Katika karatasi zetu kuna kahawa ya dele, njugu zilizounguzwa kidogo, pilipili manga, udi, ganda la muwa lililokauka, mambao ya jahazi. Mmoja wetu aliyekulia Lamu huona udi kila mahali. Mwingine, mtoto wa bara, aliyechunga ng'ombe, huandika zizi, na kwake hilo ni pongezi. Tulipolinganisha maelezo ya namba ileile, ungedhani watu watano wamevuta nchi tano. Lakini alama zao zilikuwa karibu sana, kati ya 86 na 89. Nimelifikiria hilo kwa muda. Naona kwamba ubora tunaweza kuuafiki kabla ya kuafikiana ni ubora wa nini. Mvuto ulikuwa huru, moto ulikwenda sawa, uchungu haukuja kabla ya wakati, mwisho ulikuwa na urefu. Hayo ni ya siga. Mengine, udi na zizi na jahazi, ni ya nyumbani kwa kila mtu, na kumvua mtu hayo hakuwezekani kwa kubandika namba.

Watu hupenda kuuliza nani hushinda. Mara kwa mara ni ile isiyotarajiwa. Jarida la Cigar Aficionado, lililoanzishwa New York mwaka 1992, huvua pete kabla ya kuwapa majaji wake, na mwaka 2008 siga yake ya mwaka ilikuwa Casa Magna ya Nikaragua, robusto ya bei nafuu kabisa, ikazipita zenye majina ya kutisha. Maduka yaliishiwa. Kisa kama hicho husimuliwa kwa furaha ambayo mimi naitilia shaka. Kuvuta pasipo jina kunadai kuondoa upendeleo, lakini kuna upendeleo unaoletwa na mchezo wenyewe, yaani hamu ya kuona tajiri ameanguka. Bahasha inapofunguliwa na Cohiba ikakutwa ya mwisho, uani hupigwa kelele kama bao limefungwa. Ikikutwa ya kwanza, kimya. Hakuna anayetembea na habari kwamba kitu ghali kimeonekana kizuri.

Tena mashindano hupenda wenye sauti kubwa. Pepsi walipoanza kuwaonjesha Wamarekani vikombe viwili visivyo na jina mwaka 1975, waliozidi waliichagua yao, na wakosoaji wakasema, nami nakubali, kwamba funda moja huupendelea utamu mwingi ambao katika chupa nzima ungechosha. Kwetu huwa hivyo kwa ukali. Siga inayopiga kelele tangu pafu la kwanza huandikwa 91. Ile tulivu, ya jani la rangi ya asali kutoka Ecuador, ambayo ungeivuta mwaka mzima asubuhi na kahawa usiichoke, hupewa 84 na maneno kwamba haina jambo. Nyumbani, kwenye kasha langu mwenyewe, ni hizo za 84 ndizo huisha kwanza.

Kuna jaribio la kinyume ambalo halifanywi na makundi kama yetu, lakini hufanywa kila siku mitaani Havana. Mgeni hufuatwa na kijana mchangamfu mwenye binamu anayefanya kazi kiwandani, akauziwa kasha la Cohiba kwa bei ya huruma. Pete ni nzuri, kasha lina muhuri, majani ya ndani ni takataka za sakafuni. Mgeni anarudi kwao, anawagawia wakwe zake, nao wanavuta wakitikisa vichwa kwa heshima. Hao wamevuta jina tupu, kama sisi tunavyotaka kuvuta siga tupu, na kwa haki niseme kwamba walifurahi kuliko sisi.

Simdharau mtu anayefurahia jina. Majina haya hayakutoka yote katika ofisi za matangazo. Katika viwanda vya Kuba, tangu mwaka 1865, kulikuwa na msomaji anayeketi kwenye kiti cha juu akiwasomea wasokotaji wakati mikono yao ikifanya kazi: magazeti asubuhi, riwaya mchana. Wafanyakazi wenyewe walichanga kumlipa. Riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu mfungwa aliyerudi kulipiza kisasi ilipendwa sana katika vyumba hivyo, na mwaka 1935 siga mpya ikaitwa Montecristo. Pete ya Montecristo ina jina la sikio la mfanyakazi. Nikiivua naondoa bei na majivuno, sawa, lakini naondoa na chumba kile, sauti ile, mikono ile iliyokuwa ikisikiliza. Siku ya kununua nataka namba. Siku ya kukaa na rafiki aliyefiwa na mama yake, nikampa siga, nampa na jina lake lote, nikamsimulia.

Mwezi uliopita mwenyeji wetu alitangaza jambo kabla hajazigawa. Alisema kuna usiku mmoja unakuja, hatasema upi, ambapo namba zote mezani zitakuwa za kasha moja. Mzee wa chai, ambaye sasa huja kila mara ingawa havuti, alicheka hadi akashika mbavu. Tangu tangazo hilo hakuna aliyethubutu kutoa chini ya 85 wala zaidi ya 88, na kwa mara ya kwanza tumeafikiana kabisa.